Jina Kwenye Mlango wa Sanduku

Ekerenyo,
4 Februari 2024

Kwa Baba,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Nyanya Nyanchera ni mzima, anakula vizuri na kugombana na majogoo. Majani ya chai yanachumwa. Mwanao Anyona alikuja Ijumaa kutoka Kericho na ameondoka leo asubuhi, gari la kiwanda halimsubiri mtu.

Yeye ndiye aliyeniambia nisikupigie simu. Amesema misumeno ya karakana imekumaliza masikio, na kwamba ukipokea simu unajibu kwa sauti ambayo soko zima la Kisii linapata habari zetu. Ujumbe wa kwenye simu nao anasema macho yako hayausomi. Basi nimenunua karatasi. Mokua wa lori la ndizi amekubali kunibebea barua hadi kwako, na ukijibu atanirudishia. Sijawahi kumwandikia baba mkwe, na nimechana karatasi mbili kabla ya kuifikia hii.

Habari yenyewe ni mbaya, kwa hiyo niiseme bila kuzunguka. Mayai hayakuanguliwa. Sanduku la kuangulia ulilotutengenezea lilijaa mayai ya kina mama wa kikundi cha kanisa. Siku ya kuangua walikuja na vikapu vyenye nyasi laini ndani, wakaanza wimbo mmoja hapo uani, wakaukatiza katikati wakasubiri. Niliwatolea trei nje. Yai moja tu lilikuwa limetoboka. Kifaranga alikuwa ametoa mdomo, akachoka, akaachia hapo.

Mama Emily, mwenyekiti wetu, alisema ni sawa, hii ni mara ya kwanza. Wengine walimwaga zile nyasi kwenye zizi wakaenda. Niliona aibu mpaka nikasahau kuwapa chai iliyokuwa tayari jikoni. Unajua mimi ndiye mgeni katika kikundi hiki, mke aliyeletwa kutoka upande wa ziwa, na ndiyo kwanza nimeaminiwa kwa kazi ya watu.

Nieleze, Baba, nilikosea wapi.

Mke wa mwanao,
Benter

*

Karakana, Kisii
9 Februari 2024

Moka Anyona,

Nakuita kama watu wa hapa wanavyokuita, mke wa Anyona, kwa sababu hilo jina lako lingine si la mdomo wangu. Barua yako nimeisoma kwa miwani, halafu nikaisoma bila miwani kujaribu bahati. Unaandika vizuri kuliko mume wako, ambaye shuleni alikuwa akiandika kama kuku anayeparua.

Sasa sikiliza. Sanduku ni zima. Kabla halijaondoka hapa niliwasha balbu, nikaweka mayai, na vifaranga wakatoka mpaka wateja waliokuja kununua viti wakaacha viti wakakaa kuwatazama. Kazi yoyote inayotoka mkononi mwangu naipiga chapa ya jina langu kwa chuma cha moto, na kitu kibovu sikipigi chapa. Umeliona jina pale mlangoni, chini ya kioo. Matundu ya hewa nimeyazungusha pale kwenye jina kama urembo. Mafundi wenzangu walikuja kuyatazama, wakaenda kuiga.

Kwa hiyo tutafute kosa kwingine. Ulimulika mayai kwa tochi baada ya wiki ya kwanza? Yai lililo jeupe ndani kama la dukani halikuwa na kitu tangu mwanzo, na lawama ni ya jogoo. Kipimajoto umekilaza usawa wa mayai, au umekining'iniza juu karibu na balbu? Kinatakiwa kisome nyuzi thelathini na saba na nusu pale pale mayai yalipo. Je, bakuli la maji halikauki? Mayai yanageuzwa asubuhi, mchana na jioni? Stima ikipotea unafanya nini?

Jaribu tena, mama, na uniandikie utakachokiona. Kumwaga chai iliyokwisha pikwa ni dhambi, natumaini uliinywa mwenyewe.

Makori

*

Ekerenyo,
10 Machi 2024

Kwa Baba,

Chai niliinywa mimi na Nyanya, sufuria nzima.

Nilifanya kila ulichosema. Mayai yasiyo na kitu niliyaondoa mapema. Yaliyobaki nikiyamulika naona mishipa myembamba, na baadaye naona kitu kinachojigeuza ndani kama mtu asiyetaka kuamshwa. Kipimajoto kinalala kati ya mayai. Maji hayakukauka. Stima ilipotea mara moja tu mchana, nikazungusha chupa za maji moto mpaka iliporudi.

Halafu zile siku za mwisho, Baba, nikawasikia. Walikuwa wanalia ndani ya maganda. Nilimwita Nyanya, akatega sikio kwenye kioo akasema nyumba hii sasa ina watu. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nililala nikiwasikia.

Kisha wakanyamaza. Siku ilipofika hakuna aliyetoka. Nilipasua mayai mbele ya kina mama kwa sababu walitaka kuona. Wamekamilika. Wana manyoya, wana kucha, wameloa, vichwa vimeelekea juu pale penye nafasi ya hewa. Hakuna walichopungukiwa ila kutoka. Nyanya aliwakusanya kwenye ungo akaenda kuwazika migombani bila kuzungumza na mtu, na wewe unajua kunyamaza si kazi yake.

Kuna maneno yaliyosemwa siku hiyo ambayo siwezi kuyaandika kwako. Nina aibu kupita sokoni. Naomba unisaidie.

Benter

*

Karakana, Kisii
13 Machi 2024

Moka Anyona,

Umeniandikia kama fundi, na nitakujibu kama fundi. Kifaranga akifa akiwa kamili, kosa si la yai wala la jogoo wala la wiki za mwanzo. Yai changa halihitaji hewa nyingi. Kifaranga mkubwa anahitaji, na hasa akikaribia kutoka anavuta hewa kama mtu anayepanda kilima cha Manga. Kwa hiyo ni hewa imekosekana au joto limezidi mwishoni, au yote mawili pamoja. Kuloa kwao pia kunanionyesha unyevu ulikosa pa kutokea.

Lakini matundu ya hewa nimetoboa mwenyewe, na yanatosha. Basi nijibu haya. Sanduku liko chumba gani? Liko karibu na jiko au dirisha? Kuna kitu kimewekwa juu yake au mbele yake? Mlango wake unatazama wapi?

Ningekuja kuangalia kwa macho yangu, lakini unajua siwezi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwanangu. Hizo ndizo chinsoni, haya baina ya mzazi na mke wa mwanawe, na baba yangu alikufa bila kuzivunja. Siwezi kuanza kuzivunja mimi uzeeni kwa sababu ya kuku. Kwa hiyo macho yangu ni wewe. Niambie kila kitu.

Makori

*

Ekerenyo,
15 Machi 2024

Kwa Baba,

Asante kwa maelezo. Sanduku limekaa mahali pazuri, pana joto na hapana upepo. Juu yake hakuna kitu. Mlango unatazama ndani ya nyumba.

Kina mama wameleta mayai mengine. Nitajitahidi.

Nyanya anakusalimu, anauliza kama unakula mboga au unakula vumbi la mbao tu.

Benter

*

Karakana, Kisii
18 Machi 2024

Moka Anyona,

Nimekuuliza maswali, umenijibu kama mwanasiasa. "Mahali pazuri" si chumba. Kama kuna kitu unaficha siwezi kukusaidia, na kama huna unachoficha basi mimi sina zaidi la kusema. Sanduku ni zima.

Mwambie mama yangu nakula mboga.

Makori

*

Ekerenyo,
14 Aprili 2024

Kwa dada yetu Benter,

Bwana asifiwe. Ningekuja mwenyewe mlangoni kwako, ila siku hizi ukituona unaingia ndani, kwa hiyo nimeona bora nikuandikie.

Sasa ni mara ya tatu. Vifaranga wote wamekufa vile vile, wamekamilika. Kikundi hakikulaumu, na mimi mwenyewe nimesema hivyo mkutanoni. Lakini nilimwandikia Mzee Makori huko Kisii kumuuliza kama sanduku lina kasoro, kwa sababu yeye ndiye aliyelitengeneza na angesema ukweli. Jibu lake nimelisoma mbele ya wote. Ameandika: "Sanduku ni zima. Tafuteni mkono mwingine."

Nakuambia haya mimi usije ukayasikia kisimani. Baada ya hapo watu walisema mengi. Yuko aliyesema mkono uliopoteza mtoto mwaka jana usingepewa mayai ya watu. Mimi sisemi hivyo, na yule aliyesema nilimkemea. Ila neno likishatoka huwezi kulirudisha.

Walitaka sanduku lihamie kwa Linet wiki hii hii. Nyanya yenu Nyanchera ndiye aliyesimama na fimbo yake akakataa, akasema mara moja zaidi. Tumekubali kwa ajili ya umri wake. Mayai ya mwisho yataletwa mwisho wa mwezi. Yakishindikana, sanduku litaenda kwa Linet, na sitaweza tena kukutetea.

Dada yako katika Bwana,
Emily

*

Ekerenyo,
16 Aprili 2024

Kwa Fundi aliyetengeneza sanduku la kuangulia mayai,
Kisii

Fundi, hunijui nami sikujui. Mimi ni mteja tu niliyepata kazi ya mikono yako. Nina baba mkwe, mtu wa heshima zake, ambaye haya nitakayoandika siwezi kumwandikia. Barua hii ikifika kwake kwa bahati mbaya, nitarudi kwetu ziwani kwa miguu. Kwa hiyo nakuomba wewe uisome peke yako, kisha uitumie kuwashia moto wa kuyeyushia gundi.

Wazo la kukuandikia si langu. Hapa kuna bibi mmoja, mama mzaa baba mkwe wangu. Kwa mila za hapa bibi na wajukuu hawaoneani haya, kwa hiyo ananiita mke mwenza na kuingia kwangu anapotaka. Juzi aliingia mpaka chumbani akaona nilichokifanya. Alicheka mpaka akakaa kitandani. Halafu aliona mimi sicheki akaacha, akasema: "Usimwandikie baba yako. Mwandikie fundi."

Fundi, sanduku liko chumbani. Mume wangu alipoingiza stima aliweka soketi moja, na aliiweka chumbani. Pale sebuleni mlango uko wazi kutwa na kuku wanapita. Hapakuwa na mahali pengine. Waya ni mfupi, kwa hiyo sanduku limesimama mbele ya kitanda, na mlango wake unatazama kitanda.

Na mlangoni kuna jina la baba mkwe wangu.

Mchana silioni sana. Lakini usiku, taa ikizimwa, balbu ya ndani inatoa mwanga kwenye yale matundu uliyoyazungusha, na jina linawaka. Nikivua nguo linanitazama. Mume wangu akiwa nyumbani ndiyo mbaya zaidi, na usiniombe niseme zaidi ya hapo. Kwetu pia mtu hakai mbele ya baba mkwe wake bila kitambaa kichwani, sembuse bila nguo. Nilifikiria kubandika karatasi juu ya jina, lakini mkono ulikataa, niliona ni kama kumziba mtu mzima mdomo. Kuligeuza sanduku liangalie ukuta nikashindwa, nisingeweza kufungua wala kusoma kipimajoto.

Basi nililifunika kwa leso. Mwanga ukapita kwenye leso. Nikalifunika kwa blanketi.

Nikueleze jambo ninaloliona aibu kuliko yote. Mara ya kwanza na ya pili sikujua. Lakini baba mkwe wangu aliponiuliza kama kuna kitu mbele ya sanduku, nilijua papo hapo. Nilijua, nikamwandikia kwamba juu yake hakuna kitu. Juu hakukuwa na kitu kweli. Nilijiambia mara ya tatu nitaacha blanketi, na niliacha, mpaka mume wangu akaja mwisho wa juma, na vifaranga walikuwa wameanza kulia. Nikalirudisha. Niliwasikia chini ya blanketi mpaka wakanyamaza, na sikuondoka kitandani.

Kuna mtu ameandika kwamba utafutwe mkono mwingine. Ameandika bila kuuona huu. Mkono huu ndio uliogeuza yale mayai, haukukosa hata mara moja. Ndio uliomfunika mtoto wangu mwaka jana. Sina mwingine. Labda anasema kweli na mkono ni mbaya, sijui tena. Lakini ningependa kujua ni mkono au ni blanketi, kabla watu hawajamaliza kuamua.

Mteja

*

Karakana, Kisii
22 Aprili 2024

Kwa Mteja,

Barua yako imefika kwa fundi. Baba mkwe wako hajaiona na hataiona, siku hizi mzee huyo hakanyagi hapa. Imekwisha kuungua, nimekoroga gundi kwa moto wake.

Ni blanketi. Nakujibu hilo kwanza, uketi ukipumua. Vifaranga walikosa hewa na joto likapanda, na mkono wako hauna hata chembe ya kosa. Mtu anayeweza kumfikisha kifaranga siku ya mwisho akiwa na kucha zake zote ana mkono ambao watu wa Kisii nzima wangeutafuta.

Sasa nikuambie kuhusu fundi mwenyewe. Nilipomaliza kusoma nilizima msumeno, na vijana wa karakana wakadhani stima imepotea. Nilikaa kwenye benchi. Fundi akitoboa matundu anatakiwa ajiulize hewa itapita wapi. Mimi nilitoboa nikijiuliza jina litaonekanaje. Nilijua sanduku linaenda kwenye nyumba ya mke wa mwanangu, nyumba ambayo mimi siruhusiwi kuingia, na nikaliingiza jina langu mpaka kitandani. Kisha nikakasirika kwamba huniambii liko wapi. Nimeona haya, Mteja, ya namna ambayo sikumbuki kuiona tangu nilipokuwa kijana.

Yule aliyeandika "tafuteni mkono mwingine" namfahamu vizuri. Ni mtu wa kiburi. Aliulizwa kama kazi yake ina kasoro, akaona ni afadhali mke wa mwanawe aaibike kuliko jina lake. Aliposema kila kazi yake anaipiga chapa alisema uongo pia, kwa sababu iko moja hakuipiga. Mwaka jana alitengeneza kasanduku kadogo ka kuzikia mtoto, na chuma kilikuwa motoni tayari, akakitoa akakizamisha kwenye maji. Alikuwa anajua mkono uliomfunika mtoto ni wa nani. Alijua, na bado akaandika alivyoandika. Sijui mtu kama huyo anaombaje msamaha, kwa sababu hata kukuangalia usoni haruhusiwi. Mimi nimemwambia aanze kwa kazi.

Kazi ni hii. Jumapili kabla ya mayai kuletwa, Anyona na wenzake walitoe sanduku nje uani. Kina mama wote waitwe. Fundi atakuja na keekee na mlango mpya, mtupu, usio na neno lolote. Matundu atatoboa mengine, ya chini kwenye mbavu mbili na ya juu kule nyuma, ili mbele uweze kufunika hata kwa godoro. Mlango wa zamani ataondoka nao. Na atasema kwa kina mama kwamba kasoro ilikuwa ya sanduku tangu siku ya kwanza. Blanketi halitatajwa. Hilo ni la wewe na mimi, na mimi nimeshalisahau.

Wewe siku hiyo kaa jikoni. Usitoke. Nataka kusema bila kukuangalia, na nitasema kwa sauti yangu hii mbaya, kwa hiyo utasikia.

Fundi

*

Ekerenyo,
26 Mei 2024

Kwa Baba,

Wametoka.

Nimeandika neno hilo peke yake nilitazame kidogo. Sasa niendelee. Walianza juzi alfajiri, nikasikia ganda linagongwa, kisha lingine, na kufikia mchana sanduku lilikuwa limejaa kelele kama shule wakati wa mapumziko. Siyo wote. Mayai machache hayakutoka, na mmoja ana mguu uliopinda, Nyanya amemfunga kijiti na kumpa jina lako. Lakini vikapu vimejaa. Kina mama waliimba wimbo ule ule wa mara ya kwanza, wakaumaliza safari hii.

Mama Emily alipokea kikapu chake, akakiweka chini, akanishika mkono. Huu huu wa kulia. Aliushika mbele ya wote na hakuuachia haraka. Yule mwingine, ambaye najua ndiye aliyesema lile neno la mkono, alisimama nyuma akitazama viatu vyake, na mimi nikampa vifaranga wake kama wengine. Sikuwa nimepanga kuwa mwema. Mikono ilikuwa imejaa vifaranga tu.

Linet ameomba aje nimfundishe. Nimemwambia aje.

Sijakushukuru kwa ile Jumapili. Nilikaa jikoni kama nilivyoambiwa. Nilikuona mgongo tu, kwenye upenyo wa mlango, umeinama na keekee. Ulipoinuka ukasema, "Kosa lilikuwa langu na si la mtu wa nyumba hii," nadhani hata watu wa kule Nyaramba walisikia. Nyanya aliyekuwa nami aliniambia katika miaka yote ya kukulea hajawahi kukusikia ukilitamka neno hilo, akafuta macho kwa leso akasingizia moshi. Mimi sikuwa na moto wa kusingizia, ulikuwa umezimika zamani. Nililia tu.

Mlango mpya ni mzuri. Usiku unakuwa mweusi kabisa, na nalala.

Mke wa mwanao,
Benter

*

(kwenye karatasi ya pili)

Kwa Fundi,

Barua ya juu ni ya baba mkwe wangu, mpelekee ukimwona. Hii ni ya kwako, tena iishie kwako.

Mteja ana kazi nyingine. Anaomba kitanda kidogo cha mtoto, chenye mbavu pande zote, cha mbao ya saipresi iliyokauka vizuri. Kisiwe na urembo mwingi. Hakina haraka ya leo, lakini mwezi wa kumi kiwe kimefika. Anayejua ni mume wake na yule bibi tu, na bibi amejua kwa kutazama, hakuambiwa. Mteja ana hofu kubwa. Kuna asubuhi anaamka anatega sikio kwanza kabla ya kufungua macho. Kwa kinywa chake asingeweza kumwambia baba mkwe wake habari hii, kwa hiyo ameona aagize kitanda.

Kuhusu chapa, Fundi. Safari hii usikizamishe chuma kwenye maji. Lipige jina lako, tena kubwa, na ulipige upande wa ndani, pale mtoto akilala atalitazama. Yeye ni mjukuu, hatakuwa na haya nawe.

Mteja wako